Siku moja maishani mwangu: msanifu, ukumbi wa sanaa wa chuo na vita ya AC

Saa 12 asubuhi niko saiti Dodoma, koti limefungwa mpaka shingoni, maana mwezi wa saba huku asubuhi haina utani, nyie mnaodhani Tanzania nzima ni joto la Dar njooni. Nimekuja kusoma vipimajoto kwenye kibanda cha majaribio, kuta nene za matofali ya udongo, matundu ya juu tunayaacha wazi usiku kucha jua likichomoza tunafunga. Ndo mchezo mzima wa mradi wetu wa ukumbi wa sanaa wa chuo hapa Dodoma: baridi ya usiku iingie ukutani, jioni watu wakijaa ukuta unywe joto lao. Wazo lenyewe si geni, Contact Theatre, ukumbi wa maigizo wa Manchester, Uingereza, unapumua kwa mabomba makubwa ya juu ya paa tangu 1999. Dar nisingethubutu, ule unyevu hata usiku hewa haipoi vya kutosha, ila Dodoma iko juu kama mita 1,100 na ni kavu, kwa hiyo inawezekana kabisa.

Saa 2 na nusu ofisini, chai na chapati, simu na injinia wa mitambo. Watu wengi wanadhani adui wa ukumbi ni jua, sasa ukumbi hauna madirisha na shoo ni usiku, jua linaingilia wapi? Joto tunakuja nalo wenyewe. Mtu aliyekaa anatoa kama wati 100, viti vyetu 500, hapo tayari una kilowati 50 za binadamu hujawasha hata taa. Halafu taa za jukwaani za zamani, moja tu inakula wati 1,000 na karibu zote zinaishia kuwa joto, wakati ya LED ya kuifanya kazi hiyo unaipata kwa 200 na kitu. Kwa hiyo tumeanza na taa kabla hata ya kugusa AC, na hilo lilipita bila ubishi.

Saa 5 kikao chuoni, kasheshe. Mzee wa fedha anataka AC za ukutani, zile za kawaida, zipangwe nyingi tumalize. Nikaanza kueleza kuhusu kelele, sijafika mbali mhadhiri mmoja wa muziki akachomoa zeze kwenye mfuko akapiga AC ya chumba ikiwa inanguruma, tuliokaa nyuma tukaambulia vipande. Akasema "mzee, naomba tuizime kidogo", akarudia kilekile, jamani, mpaka uta unavyosugua kwenye nyuzi unausikia! "Huku ni Ugogo mzee wangu, kwa kina Hukwe Zawose, yule gwiji wa muziki wa Kigogo, tutajenga ukumbi zeze lisisikike?" Mzee akacheka, akasema haya nileteeni bei.

Saa 8 ugali na mlenda, chapchap.

Saa 9 mpaka 12 michoro, na hapa ndo napopapenda, maana kwenye ukumbi wa sanaa ukimya na kubana umeme ni ndugu kabisa. Hewa ya ubaridi tunaiingiza ukumbini kupitia chini ya kila kiti, polepole, ikiwa na nyuzi joto 19 au 20 hivi, inapashwa na watu wenyewe, inapanda, inatokea juu ya paa, yaani unapoza pale watu walipokaa tu, ile hewa yote ya juu yao unaiacha na joto lake. Mabomba lazima yawe mapana ili feni iende taratibu, na feni ikishuka nusu ya kasi umeme inaoula unashuka mpaka karibu moja ya nane. Bei yake ni nafasi, nimenyang'anya sentimita 60 chini ya ngazi za viti na injinia wa nguzo kanuna mpaka sasa. Halafu vumbi la Dodoma mnalijua, kwa hiyo mdomo wa kuvuta hewa nimeupandisha juu mbali na parking, na njia yake ina kona kona zenye sponji za kumeza sauti, tundu linaloingiza hewa linaingiza na bodaboda. Kuna na sensa za kabonidayoksaidi, wanafunzi kumi wakifanya mazoezi feni isizunguke kama wako 500.

Saa 12 na nusu QS, yaani mkadiriaji wa gharama za ujenzi, kanitumia BOQ, ile orodha ya kazi na vifaa na bei zake, kaupunguza ukuta wangu unene! Nikampigia, kaka huo ukuta unafanya kazi mbili, unazuia kelele ya jenereta na unatunza baridi ya usiku. "Sawa dada, ila hela itoke pengine." Ikatoka kwenye vioo vya lobi upande wa magharibi, vilivyokuwepo kwa ajili ya picha tu ukiniuliza mimi. Pale sasa kuna vyoo na stoo, jua la jioni likapige huko.

Saa 3 usiku bado napanga jedwali la mzee wa fedha. Kwenye safu ya bei ya kununua, AC za ukutani zinashinda, siwezi kumdanganya, kwenye safu ya umeme wa luku wa miaka 20 zinachapwa vibaya. Imebaki bei ya vichujio vya vumbi tu, jamaa wa dukani kasema kesho, nazima laptop.