Nilivyosakinisha Sage kwenye kompyuta kumi na saba zisizofanana

Nafundisha Hisabati ya Juu kidato cha tano na cha sita hapa Tabora, na kwa muda mrefu nilitamani wanafunzi wangu wapate programu ya kukokotoa isiyodai ada ya leseni. Niliichagua Sage, programu huria iliyoasisiwa mwaka 2005 na mwanahisabati wa Marekani, William Stein. Kilichonisumbua ni kuifikisha ndani ya kompyuta zilizokuwepo: kumi na moja za Windows, nne za Ubuntu (aina ya mfumo endeshi wa Linux) na mbili za Mac, nyingi zikiwa mali za walimu na wazazi, kila moja na umri wake.

Chanzo cha ugumu nilikielewa nilipojifunza jinsi Sage ilivyoundwa. Waundaji wake hawakuandika kila kitu upya, bali walizichukua programu zilizokwisha kukomaa na kuziunganisha kwa lugha ya Python. PARI, inayoshughulika na nadharia ya namba, ilizaliwa Bordeaux, Ufaransa. GAP, ya nadharia ya makundi, ilianzia Aachen, Ujerumani, mwaka 1986. Maxima, inayotafuta intigrali, ni mzawa wa Macsyma iliyoanza kutengenezwa katika chuo cha MIT, Marekani, katika miaka ya 1960, nayo imeandikwa kwa lugha ya Lisp. Mkusanyiko huo umekulia kwenye mifumo ya jamii ya Unix, kwa hiyo Linux na Mac huupokea bila shida kubwa, ilhali Windows huhitaji kwanza kuwekewa WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows yenyewe.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa wakati wa likizo, nami niliacha kila kompyuta ijipakulie vipande vyake kutoka intaneti kupitia simu yangu. Siku ya pili bando lilikuwa limekwisha, kompyuta tatu tu zikiwa tayari. Nyingine zilikatikia njiani, na usakinishaji uliokatikia njiani ni mbaya kuliko ambao haujaanza, kwa sababu mashine hudhani ina kitu ambacho haina. Hapo niliamua kwamba intaneti itatumika mara moja tu kwa kila mfumo endeshi, na baada ya hapo kila kitu kitasafiri kwa flashi.

Kwa Ubuntu, nilisakinisha Sage kwenye kompyuta moja kutoka hifadhi ya conda-forge, ambako vipande hupatikana vikiwa vimekwisha kujengwa. Huo ni uamuzi ninaousisitiza kwa yeyote atakayefuata njia hii, maana kuijenga Sage kutoka msimbo wake huchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati unarudia. Kisha nilifunga folda nzima kwa zana iitwayo conda-pack, ambayo hutoa faili moja. Kwenye kompyuta inayopokea, faili hilo hufunguliwa na amri ya conda-unpack huendeshwa mara moja, ili anwani za folda zilizoandikwa ndani ya programu zirekebishwe zilingane na makao mapya. Kompyuta zote nne zilikamilika kabla ya adhuhuri. Kwa Mac nilifanya vivyo hivyo, ila nililazimika kufunga mafurushi mawili, kwa kuwa moja ilikuwa na prosesa ya Intel na nyingine ya Apple, na furushi la moja halifanyi kazi ipasavyo kwa nyingine.

Windows ndiyo iliyonifundisha zaidi. Niliandaa Linux moja kamili ndani ya WSL, nikaweka Sage humo, kisha nikaitoa yote kwa amri ya wsl --export ikawa faili moja la tar. Mwanafunzi aliyekuwa akinisaidia aliichukua flashi akaanza kunakili, na baada ya muda mfupi akaniita. "Mwalimu, inasema faili ni kubwa mno, na flashi hii ni ya GB 32, tena tupu." Alikuwa sahihi kuhusu nafasi. Flashi ilikuwa imeumbizwa kwa FAT32, mpangilio usiopokea faili moja linalofika GB 4, hata nafasi ikiwa imebaki tele. Tuliiumbiza upya kwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho, faili likaingia.

Kompyuta mbili bado zilikataa kuwasha WSL, tukagundua kwamba uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine ndani ya mashine ulikuwa umezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Tuliuwasha, zikakubali. Tena, Linux iliyoingizwa kwa wsl --import humfungulia mtu akiwa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, jambo ambalo sikulitaka kwa wanafunzi, hivyo niliandika jina la mtumiaji wa kawaida katika faili la /etc/wsl.conf kabla ya kuitoa upya. Kompyuta moja ilikuwa kongwe mno kwa WSL. Hiyo niliiwekea Maxima peke yake, ambayo ina kisakinishi chake cha Windows, na kwa kalkulasi ya kidato cha sita inatosha kabisa.

Sikutaka kuridhika kwa kuona programu inafunguka tu, kwa sababu Sage inaweza kufunguka huku kiungo chake kimoja kikiwa kimevunjika. Niliandika mistari mitatu ya kupimia kwenye karatasi na kuibandika ukutani. SymmetricGroup(4).order() lazima itoe 24, na hapo najua GAP imefika. integrate(x*sin(x), x) lazima itoe -x*cos(x) + sin(x), na hiyo ni Maxima. Wa mwisho, factor(2^67 - 1), hupima PARI, na jibu lake ni 193707721 * 761838257287, vigawo ambavyo Frank Nelson Cole aliviwasilisha mwaka 1903 baada ya kuvikokotoa kwa mkono. Kwenye kompyuta zenye Sage, kila mwanafunzi alikaa mbele ya mashine yake, akaandika mistari hiyo, akalinganisha tarakimu moja baada ya nyingine na karatasi, kisha akatia alama ya vema kwenye orodha mbele ya namba ya kompyuta aliyoipima.