Visanamu kumi tu, na vimenitosha

Miaka miwili nimekaa na boksi la askari wa plastiki. Nilitaka jeshi zima, mia na ushee, nikapaka rangi wanne nikachoka.

Juzi rafiki yangu akanifundisha Frostgrave, mchezo wa mezani wa kupiganisha visanamu uliotoka 2015. Kikosi hakizidi visanamu kumi: mchawi, mwanafunzi wake na askari wasiozidi wanane. Meza ya kama sentimita 90 kila upande, dadu ya pande 20, basi. Maboksi ya viatu yakawa magofu (na yalipendeza, msicheke).

Ila uchache una uchungu wake. Kwenye jeshi kubwa askari akianguka unamtoa tu, hata humjui. Hapa mpiga upinde wangu, yule niliyemkosea rangi jicho moja likawa kubwa kuliko jingine, aliangushwa akiwa na hazina mkononi, karibu kabisa na ukingo wa meza. Mchezo ukiisha unarusha dadu kujua kama mtu wako amepona au ndiyo kwaheri. Jamani, mkono ulinitetemeka! Ikatoka 6: ameumia vibaya, mchezo ujao anakaa nje.

Sawa, apumzike. Leo usiku namrekebisha lile jicho.