Kufuli ya waya

Alhamisi, usiku. Nimerudi kutoka zamu na viatu bado viko miguuni. Naandika sasa hivi, maana nikilala nitaamka nimeshaanza kuyapamba haya mazungumzo yetu ya bunduki.

Ghala ninalofanyia kazi hapa Pennsylvania lina chumba kimoja cha mapumziko, na meza yetu ya kona tunakaa watu wanne. Yupo mzee wa forklifti, anayewinda tangu utotoni. Yupo dada wa idara ya mapokezi ya mizigo, ana mtoto wa darasa la kwanza. Yupo Mama, ametoka mashariki ya Kongo, tunafungasha naye maboksi na kuongea Kiswahili kutwa. Na mimi, niliyekulia mahali ambapo bunduki niliiona mikononi mwa askari wa benki tu.

Yote haya yalianza kwa kulungu. Huku msimu wa kuwawinda kwa bunduki hufunguliwa Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani. Mpaka mwaka 2018 ulikuwa ukifunguliwa Jumatatu, na shule nyingi za vijijini zilifungwa siku hiyo kwa sababu watoto na walimu walikuwa porini. Jumatatu mzee akaja na picha ya kulungu dume kwenye simu, anaonyesha kila mtu. Mimi, badala ya kuitazama ile picha, nikasema: "Nchi hii mtu ananunua bunduki za otomatiki kama mkate."

Alizima simu. Hakupandisha sauti. Akaniambia bunduki za otomatiki, zile zinazotema risasi mfululizo ukibana mara moja, zimebanwa na sheria ya nchi tangu 1934, na kwamba zilizotengenezwa baada ya Mei 1986 raia wa kawaida haruhusiwi kuzimiliki. Akaniambia muuzaji mwenye leseni lazima akujazishe fomu, kisha apige simu polisi wa jimbo wakague jina lako. Siku mbili zilizofuata alikula chakula chake garini.

Nilimfuata. Nilimwambia nimezungumzia kitu nisichokijua mbele ya mtu anayekijua, na nikamwomba radhi. Halafu nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: ya kwanza ulipewa na nani? Akanieleza karibu dakika kumi. Babu yake. Miaka kumi na miwili, umri ambao jimbo linaruhusu mtoto kupata leseni ya kuwinda. Mwaka mzima kabla ya hapo babu alimbebesha bunduki isiyo na risasi, na kila mdomo wa bunduki ulipoelekea mtu, hata kwa sekunde moja, safari iliishia pale pale wakarudi nyumbani. Kwake yeye neno "haki", watu wanaposema haki ya kumiliki bunduki, lina harufu ya koti la babu yake. Siku zote nilikuwa nalisikia kama kelele za wanasiasa.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiongea, na si kwa upole kila mara.

Jumanne ya wiki iliyofuata dada alipotaja bunduki aina ya AR, mzee akamsahihisha: herufi hizo ni za kampuni ya ArmaLite, hazina maana ya "bunduki ya mashambulizi" kama wengi wanavyodhani. Ni kweli. Lakini dada aliweka kijiko chini akamtazama. "Nisipojua jina lake ndiyo nisiruhusiwe kuhofia usalama wa mwanangu?" Kisha akatusimulia jambo ambalo limenikaa tangu hapo. Shuleni kwa mtoto wake wanafanya mazoezi ya kujifungia darasani, iwapo mtu ataingia na bunduki, taa zikazimwa, kimya. Jioni moja akimwogesha, mtoto akamwambia: "Mama, nimepata mahali. Nyuma ya kabati la vitabu. Mimi natosha, kwa sababu mwembamba." Alisema kwa kujivunia, kama mtoto aliyeshinda mbio.

Dada alikuwa Pittsburgh mwaka 2018, waumini 11 walipouawa katika sinagogi la Tree of Life. Anakumbuka shule ya Sandy Hook, 2012, watoto 20 na watu wazima sita waliouawa. Anakumbuka shule ya Uvalde, 2022, watoto 19 na walimu wawili. Hakuzihesabu ili ashinde mabishano. Alikuwa anamwonyesha mzee kwa nini usahihi wa herufi mbili haumfikii.

Mzee alinyamaza, kisha akasema, "Nimekusikia." Hakusema amekubali, na wala hakubadili msimamo. Lakini sijamsikia tena akimsahihisha mtu jina la bunduki, na mimi naona huo ni ungwana mkubwa.

Kuna mambo tumegundua kila mmoja wetu alikuwa na nusu yake. Mimi nilikuwa nashikilia kwamba hapa watu wanauziana bila ukaguzi wowote, mzee anashikilia kwamba kila mtu hukaguliwa. Ukweli wa Pennsylvania uko katikati: bastola, hata mkiuziana majirani, lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni au ofisi ya sherifu, bunduki ndefu mtu anaweza kumuuzia mwenzake bila ukaguzi. Vivyo hivyo na ile kesi ya Heller ya 2008, ya Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mzee huitaja kama msahafu. Majaji watano dhidi ya wanne walisema Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, yanalinda haki ya mtu binafsi kuweka silaha nyumbani kwake ajilinde. Hukumu hiyo hiyo ikasema haki hiyo ina mipaka, na kwamba marufuku ya silaha shuleni au kwa waliopatikana na hatia za jinai nzito haitikiswi. Mzee alikuwa anaijua nusu ya kwanza, dada ya pili. Nilifurahi kuona wote wawili wakiisogelea simu moja kuisoma.

Mama ndiye aliyenishangaza. Nilihesabu yuko upande wangu, mtu aliyekimbia vita. Nilimtafsiria maneno ya mzee, akanijibu kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wale walikuja na bunduki. Sisi tulikuwa na majembe." Halafu akaniambia nimuulize mzee kama mwenye kadi ya kijani, yaani mgeni mwenye kibali cha ukaaji wa kudumu, anaruhusiwa kununua. Nikauliza. Anaruhusiwa. Mama akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye wali wake. Na huyu ndiye Mama ambaye tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa hapa, fataki zikianza, hujifungia bafuni na kufungua bomba ili asisikie. Nimeacha kuwapanga watu kwa pande. Sijui ningemweka upande gani, na hakuniomba nimweke popote.

Jana nilitaja takwimu, kwa uangalifu safari hii. Mwaka 2021 waliokufa kwa risasi Marekani walikuwa zaidi ya 48,000, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Nilikuwa nimeisoma usiku na nikadhani ni jambo ambalo pande zote zingeweza kulizungumza. Mzee alifuta mikono yake kwa muda mrefu kwa karatasi ile ile.

"Mdogo wangu yumo kwenye hesabu," akasema. "Ya mwaka mwingine."

Hakuna aliyesema neno. Kisha akaendelea mwenyewe, kwamba mkewe alipofariki, alimpigia mkwewe simu usiku akamwambia njoo uchukue funguo za sefu, usinirudishie mpaka nikuombe mara mbili, miezi miwili tofauti. Zilikaa kule toka Februari hadi Septemba. Anapinga serikali kupewa uwezo wa kumnyang'anya silaha mtu aliye katika hali kama hiyo, na ana sababu zake, ya kwanza ikiwa kwamba mtu akijua atanyang'anywa hatapiga ile simu. Dada anaona sheria ya aina hiyo ingemwokoa asiye na mkwe. Waliongea juu ya hilo hadi kengele, na kila mmoja alikuwa akirudia kwanza alichosema mwenzake kabla ya kujibu. Hakuna aliyewafundisha.

Nadhani ndiyo maana dada alithubutu leo. Mtoto wake hulala kwa baba yake kila mwisho wa wiki, na baba huyo ana bastola. Hajawahi kumuuliza inakaa wapi. Aliogopa ugomvi, aliogopa aonekane anatafuta kisa cha mahakamani. Alimuuliza mzee: ungekuwa wewe, ungetaka uulizwe vipi?

"Usianze na 'kwa nini unayo'," mzee akasema. "Muulize iko wapi, imefungwa kwa kitu gani, na risasi ziko wapi. Mwenye bunduki anayejiheshimu hajibu kwa hasira maswali hayo."

Akatoa kwenye mfuko wa koti kufuli ya waya, ile inayokuja ndani ya boksi la bastola mpya, bado ina nailoni yake. Akavuta kiti, akaupitisha waya kwenye tundu la mgongo wa kiti kuonyesha unavyoingia juu ya bastola na kutokea chini, risasi isipate njia. Akaufungua, akampa dada. Dada akajaribu, funguo ikakwama. Akajaribu tena, ikalia klik. Mama alikuwa ameinama karibu kabisa, anatazama vidole vyao.

Kengele ikalia. Dada akaitia kufuli kwenye mkoba wake wa chakula, na zile funguo mbili ndogo akazitia mfukoni mwa suruali.