Nilivyopata bima binafsi nikiwa na ugonjwa wa utumbo mpana

Nina kolaitisi ya vidonda. Utando wa ndani wa utumbo mpana huvimba na kutoka vidonda, na ugonjwa ukiamka unaharisha damu. Kupona kabisa hakuna, ila dawa huutuliza. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, naichangia asilimia 2.75 ya mshahara wangu, lakini vidonge vya kila mwezi nilikuwa nikinunua mwenyewe. Ndiyo maana nikatafuta bima binafsi hapa Nairobi.

Kampuni moja ilinikataa kwa barua fupi isiyo na sababu. Iliniuma. Kuna walionishauri nijaze fomu kama mtu asiye na ugonjwa, nami nikakataa katakata. Ukificha ugonjwa, kampuni ina haki ya kugoma kulipa siku ile uko kitandani, na rekodi za hospitali lazima watazitaka.

Wakala niliyempata baadaye ndiye aliyenifungua macho. "Dadangu, usiulize kama wanalipia magonjwa sugu, wote watasema ndiyo. Uliza pesa zinatoka fungu gani." Ugonjwa huu gharama zake nyingi si za kulazwa. Mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, nameza hata nikiwa sina dalili yoyote, na azathioprini, dawa ya kupunguza makali ya kinga ya mwili, inataka damu ipimwe mara kwa mara kuangalia seli za damu na ini. Hayo yote ni ya mgonjwa wa nje, na kava nyingi zina fungu nono la kulazwa huku la nje likiwa jembamba. Kolonoskopi nayo, kipimo cha kuingiza kamera kwenye utumbo mpana, unaingia asubuhi na kutoka mchana: wengine huihesabu kulazwa, wengine nje. Jibu la hilo nilidai kwa maandishi, kwa sababu ugonjwa ukifikisha miaka 8 hivi kipimo hicho huanza kurudiwa kuchunguza saratani.

Kisha nikamwomba daktari wangu wa tumbo barua yenye mambo kamili: ugonjwa uligunduliwa lini, umeshika sehemu gani ya utumbo, nililazwa lini mara ya mwisho, dawa na dozi, majibu ya kolonoskopi na ya kalprotektini, protini kwenye choo inayoonyesha uvimbe wa utumbo. Naamini barua hiyo ndiyo iliyonivusha. Anayepima maombi akisoma "ugonjwa sugu" tu huwaza upasuaji. Akiona vipimo vimetulia, ana kitu cha kukadiria.

Nilikubaliwa kwa ada ya juu kidogo, mwaka mmoja wa kusubiri kwa ugonjwa huu, na kikomo chake chenyewe cha malipo. Mwaka huo dawa niliendelea kulipa mfukoni, lakini ajali au nimonia ningetibiwa. Kama mwajiri wako ana bima ya kikundi, anza huko, maana mara nyingi kusubiri hupunguzwa au huondolewa kabisa. Mimi tarehe ya kuhuisha nimeiweka kwenye simu na nalipa mapema, kwa kuwa kava ikikatika, kusubiri kunaweza kuanza upya.