Kutafuta mteremko wa baiskeli Ngong wakati wa masika: kumbukumbu ya mradi wangu

Machi, mwisho wa mwezi

Mvua imeanza kunyesha na mradi nao umeanza. Natafuta njia moja ya kushukia kwa baiskeli ya milimani upande wa magharibi wa milima ya Ngong, ule unaotazama Bonde la Ufa. Iwe njia ambayo mimi na wenzangu tutaipita kuanzia Julai bila kuuchimba mlima. Waendesha baiskeli wengi wa Nairobi masika huishia msitu wa Karura au hupumzika hadi matope yakauke. Mimi nataka kuutembea mlima kwa miguu sasa hivi, ukiwa bado umelowa.

Utaratibu huu nimeuiga kwa watu wa ski, wale wanaoteleza mbali na viwanja rasmi huko Alps na Colorado. Theluji ikishayeyuka wanarudi milimani kwa miguu kuangalia kilicho chini ya mahali watakapoteleza: visiki, majabali, vijito, sehemu mteremko unapokatika ghafla. Hupima na mwinamo, kwa kuwa maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Wao theluji ndiyo inayowafichia mambo. Sisi tunafichiwa na kiangazi, maana ardhi ikishakauka kila njia inaonekana nzuri, hata ile ambayo mvua moja kubwa itaigeuza korongo.

Jioni zangu nyingi mwezi huu nimekaa na ramani. Miinuko nimeichukua kwenye vipimo vilivyofanywa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour, Februari 2000. Ni kazi kubwa sana na naishukuru, lakini kila kipimo kinabeba eneo la takriban mita 30 kwa 30. Mfereji wa upana wa mita moja, unaoweza kumvunja mtu bega, haumo humo. Ramani inanisaidia kuondoa pasipofaa tu. Mahali ardhi inaposhuka mita 100 ndani ya mita 400 za mlalo, huo ni mwinamo wa asilimia 25, kama nyuzi 14, na kushuka moja kwa moja hapo nimeshapafuta. Zimebaki mbavu tatu za mlima ambazo lazima nizione kwa macho.

Aprili

Matatu ya 111 kutoka kituo cha Railways, Nairobi, hadi Ngong, kisha kwa miguu hadi lango la msitu. Tunalipa, tunachukua askari wa kutusindikiza, tunapanda. Kwenye ukungu mitambo ya upepo unaisikia kabla hujaiona. Ngurumo ikianza tunaacha tuta, yaani mgongo wa mlima, na kushuka, hata kama kipimo kimebaki kimoja.

Tuta lenyewe, kuelekea kilele cha Lamwia kwenye mita 2,460, linafahamika na kila anayepanda Ngong. Njia ya watu inapanda kilele na kushuka kilele, imenyooka. Leo mvua ilikuwa ya wastani tu, na njia ile ilikuwa mto. Niliingia ndani yake, kingo zikanifika karibu na magoti. Mizizi ya nyasi ilikuwa inaning'inia pande zote mbili, na chini maji mekundu yalikuwa yanasukuma vijiwe vya ukubwa wa punje za mahindi. Vilikuwa vinagonga buti zangu bila kukoma. Pembeni yake watu wameanza njia ya pili ili wasikanyage maji, na hiyo ya pili nayo imeshaanza kuzama.

Hatua chache chini ya tuta, upande wa magharibi, inapita njia ya ng'ombe. Mvua ni ileile, mlima ni uleule. Njia ile ina upana wa viganja viwili, imezunguka ubavu ikipanda kidogo na kushuka kidogo, na maji yanaivuka tu: yanatoka kwenye nyasi za juu, yanapita, yanaingia kwenye nyasi za chini. Nilichuchumaa pale muda mrefu nikitazama. Udongo haukuwa umesogea.

Wajenzi wa njia za baiskeli wana kanuni inayoeleza tofauti hii: mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa ubavu inapopita, na kwa wastani usivuke asilimia 10. Ubavu ukiwa na asilimia 30, njia isizidi 15. Ikizidi hapo, maji hayaivuki tena, yanaifuata. Na yakishaifuata hata kwa urefu mfupi, yanapata kasi, yanachukua udongo, na mwaka unaofuata yana kitanda chao tayari. Nilikuwa nimeisoma kanuni hii kitambo. Kuiona ikifanya kazi kwenye njia mbili zilizo karibu hivyo kumenibadilishia mradi wote. Sitafuti tena mteremko mzuri niuchoree mstari wangu. Nafuata njia za ng'ombe, nikiangalia ni zipi baiskeli inaweza kupita.

Kupima ni rahisi. Nalaza fimbo kwenye njia, naweka simu juu yake, nasoma nyuzi, naandika kwa penseli, kwa sababu wino hauvumilii mvua. Halafu naigeuza fimbo ielekee chini ya ubavu na kupima tena. Namba ya kwanza ikiwa zaidi ya nusu ya ile ya pili, naweka alama nyekundu.

Mei

Ubavu wa kaskazini nimeuacha. Alama nyekundu zimejaa, na katikati ardhi imemeguka, ufa mpya unaonekana kwenye nyasi. Ubavu wa pili unafaa juu, lakini chini unaangukia udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata masika na kupasuka kiangazi. Magurudumu hayana kazi pale.

Ubavu wa tatu ndio wenyewe, na sikuufikia kwa akili yangu. Tulikuta mzee wa Kimaasai akichunga chini ya mti, tukasalimiana, nikamwonyesha njia niliyokuwa naipenda.

"Mzee, ng'ombe hupita hapa mvua ikinyesha?"

"Hapa? Hapana, kijana. Hapa hata mbuzi anaanguka. Mvua ikinyesha tunapitia kule, kwa mawe."

Akatupeleka. Kule kwa mawe ni mkanda mwembamba wa mwamba unaokata ubavu kwa mshazari, ukiwa na udongo kidogo juu yake. Maji yanatiririka juu ya mwamba bila kupata cha kuchimba. Kwenye ramani yangu hauonekani popote. Alitueleza pia pale ndama wanapoingiwa na hofu kirahisi, na kwamba mifugo hurudi jua likianza kuinama. Nimemwahidi kwamba hatutapita jioni, na kwamba tukikutana na ng'ombe tunashuka na kukokota baiskeli upande wa chini ili wao wabaki na mlima. Ahadi hiyo naiandika hapa ili kila atakayekuja nasi aijue kabla hajafunga kofia.

Juni

Mvua imepungua, baridi imeingia, nyasi ziko kiunoni. Sasa kazi imegeuka, maana maji nimeshayaona ila mawe yamefichwa na nyasi. Kona nimezianza kwanza. Umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, unahitaji umbali mara nne kabla baiskeli haijasimama, na mteremko unaongeza zaidi. Kwa hiyo kasi ya kila kona lazima iamuliwe na unachoweza kuona, ujasiri uwekwe kando. Mwenzangu anasimama kwenye kona, mimi narudi nyuma kwa mwinuko nikiwa nimeinama kimo cha mtu aliyekaa kwenye baiskeli, hadi kofia yake ipotee kwenye nyasi. Pale ilipopotea napima kwa mkanda. Kona moja, ile inayofuata mwamba, inanipa mita 9 tu. Hiyo tutaipita kwa miguu, na hakuna mjadala.

Kilichobaki ni mambo mawili. Kwanza, kupeleka ramani na vipimo ofisi ya msitu na kuomba ruhusa ya njia hii mahususi. Bila ruhusa baiskeli haiendi pale, na hatutang'oa jiwe wala kukata nyasi. Pili, kurudi mwezi ujao mifugo ikishakula nyasi, kutembea mkanda wote kuanzia juu hadi chini na kuingiza kwenye GPS kila jiwe linalozidi kimo cha pedali, nikianza na mita zile 9 za kona ya mwamba.