Nukta mbili za rangi ya kucha

Asubuhi nilikuwa hodari, mchana kichekesho. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda kwa karibu miezi minne nilipoanza mchezo wa kulenga shabaha nikiwa na miaka 44. Risasi tano za kwanza kwenye karatasi ya mita 100 zilikaa pamoja, ungeweza kuzifunika zote kwa kikombe cha chai. Nikifika risasi ya 30, matundu yametawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe.

Bunduki ilikuwa ya watu wawili. Tulichangiana kuinunua mimi na mdogo wangu, kijana wa miaka 23, na yeye ndiye aliyeifunga darubini juu yake na kuirekebisha, kwa kuwa mimi wakati huo sikujua hata upande gani ni wa mbele. Yeye alipiga vizuri toka asubuhi hadi jioni. Ungedhani hilo lingenifumbua macho. Badala yake nilimtuhumu. Nilimwambia kwamba siku moja ameiangusha au ameigonga mahali, kisha akanyamaza. Akaapa kwamba hajaigonga. Sikumwamini, na tukakaa wiki nzima tunasalimiana kwa mkato.

Nilijaribu kila kitu isipokuwa kile kilichotakiwa. Nilibadilisha aina ya risasi. Nilikaza skrubu za vikuku vinavyoishika darubini, nikazilegeza, nikazikaza tena. Mwisho niliirudisha kwa aliyetuuzia. Akakaa nayo siku kadhaa, akanirudishia na kusema ni nzima. Nikamwona mwongo naye.

Kilichokuwa kinanitesa hasa ni ule msalaba. Ndani ya darubini mna mistari miwili myembamba inayokatana katikati, na pale inapokatana ndipo unapotaka risasi iende. Asubuhi msalaba wangu ulikuwa mwembamba kama unywele. Baada ya saa moja hivi ulianza kuvimba, ukaota manyoya kama uzi wa sufu, na mara nyingine nikaona mistari miwili badala ya mmoja, na karatasi yenyewe ikaingia ukungu. Nikikaza jicho unarudi, pumzi mbili tatu, halafu unayeyuka. Nyumbani nilirudi na maumivu juu ya nyusi ya kulia, mahali pale pale kila mara.

Na kuna jambo moja lilitokea ambalo hadi leo linanichekesha. Nilikuwa nimevaa miwani yangu ya kusomea ili niandike alama kwenye daftari, nikajisahau, nikarudi kulala nyuma ya bunduki nayo ingali usoni. Msalaba ulikuwa mkali kama ncha ya sindano! Karatasi pia ilionekana safi. Nikashtuka, nikaivua haraka. Miwani ya kusomea na shabaha ya mita 100 wapi na wapi? Nikasema macho yameanza kunichezea, nikaendelea kupiga ovyo.

Msimamizi wa uwanja alikuwa mama mmoja aliyepita miaka 60, tuliyemwita Mama tu. Hakuwa msemaji. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayemtoboa mwenzake, na aliifanya kwa kutembea nyuma yetu mikono mgongoni. Siku hiyo alisimama nyuma yangu muda mrefu.

"Mwanangu, mbona unakunja uso kama unameza kwinini?"

Nikamweleza kila kitu, pamoja na dhambi za mdogo wangu. Nilipofika kwenye kisa cha miwani, ambacho nilikitaja kama mzaha, alinikatiza.

"Rudia hapo. Ukivaa miwani ya kusomea unaona vizuri?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mdogo wako anaona mbali?"

Hapo nikasita. Mdogo wangu haoni mbali. Ana miwani tangu shule, ila haipendi, huiacha ndani ya begi. Mama akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. "Basi unatazama kwa jicho la mtu mwingine," akasema.

Akaniamuru nitoe magazini, nifungue bolti, nimwonyeshe chemba, pale risasi inapokaa, kuwa ni tupu. Akachungulia, kisha akapitisha kidole ndani, kwani jicho peke yake hakuliamini. Akaweka ubao mweupe usio na alama yoyote mbele, usawa wa mtutu, mgongoni mwake tuta la udongo. Wengine huelekeza angani, alisema, lakini yeye hapendi mtutu unaotazama juu, na atakayelikaribia jua kwa darubini atabaki bila jicho la kurekebishia. Ubao uwe mtupu kwa sababu jicho likipewa picha hukimbilia picha, likausahau msalaba.

Kisha akagusa pete ya nyuma kabisa, ile inayokaribia jicho. Mimi miezi yote hiyo nilidhani ni ya kufungulia kioo ukitaka kukisafisha. Alama zake za kuongeza na kupunguza zilikuwa zimefutika karibu zote. "Hii ndiyo dayopta," akasema. "Haihusiani na shabaha. Ni makubaliano kati ya jicho lako na msalaba, basi."

Alinieleza kwa maneno machache, na hapo ndipo nilipoelewa nilivyomwonea mdogo wangu. Ndani ya jicho kuna lenzi laini inayonenepa msuli unapojikaza, ili ione karibu. Kijana huifinyanga atakavyo bila hata kujua. Ukiingia miaka ya arobaini lenzi inakuwa imekakamaa kiasi, msuli unafanya kazi kubwa kwa faida ndogo, ndiyo maana watu wanaanza kusoma barua kwa kunyoosha mkono. Mdogo wangu alikuwa ameiweka ile pete imfae yeye asiyeona mbali, yaani msalaba umletee picha iliyo karibu, kana kwamba umechorwa kwenye karatasi chini ya mita moja kutoka usoni. Mimi kila nilipochungulia nilikuwa kama mtu anayesoma gazeti bila miwani. Asubuhi msuli una nguvu, unasoma. Mchana umechoka, gazeti linaingia ukungu. Na ile miwani ya kusomea ilikuwa imeifanya kazi ya msuli.

"Jicho lako lina adabu mno," Mama alisema. "Linakuficha makosa mpaka lishindwe."

Kumbe kulirekebisha kunataka kulivizia hilo jicho. Alinifanya niizungushe pete kwenda nje mpaka msalaba ukawa uvimbe mtupu ambao hakuna kukaza kunakoweza kuusaidia. Upande huo, alisema, jicho halina ujanja. Halafu tukaanza kurudi ndani, kidogo kidogo. Nifumbe macho, nihesabu hadi tano, nifumbue, niseme nilichoona mara ya kwanza tu.

"Mnene… aa, sasa umekuwa safi."

"Hicho cha pili sikitaki. Ukishaanza kuutazama umeshajidanganya. Nataka cha kwanza."

Nikageuza upana wa ukucha. Nikafumba, nikafumbua. Bado mnene. Tena. Kila baada ya mara tatu nne alinilazimisha niinue kichwa, nitazame miti ya mbali, jicho lilegee.

Wakati wa kulegeza jicho ndipo aliponisimulia, bila kuulizwa, kwamba msalaba huu tumeletewa na buibui. Mwingereza mmoja wa karne ya 17, William Gascoigne, mtazama nyota, alikuta buibui ametanda uzi ndani ya chombo chake kilichoachwa wazi, na uzi ule ukaonekana safi kabisa pamoja na kile alichokuwa akikitazama kwa mbali. Akaujua uzi kazi yake. Hakuishi sana, aliuawa vitani mwaka 1644. "Na yeye uzi ulionekana kwa sababu ulitua mahali sahihi mbele ya kioo cha nyuma cha darubini, kile cha upande wa jicho," Mama akasema. "Wewe nawe utafute mahali pako. Rudi ulale."

Mara ya tisa au ya kumi, nilipofumbua, msalaba ulikuwapo. Haukuja, ulikuwapo. Mweusi, mwembamba, umetulia juu ya weupe kana kwamba mtu ameukata kwa wembe. Nikafumba, nikafumbua: upo. Nikasubiri uvimbe. Haukuvimba.

Nikataka kuendelea kugeuza ili niione vizuri zaidi karatasi ya mita 25 iliyokuwa pembeni, akanipiga kikofi mkononi. Hilo ndilo kosa la wote, alisema. Shabaha ya karibu ikiwa na ukungu, wenye darubini zenye kitufe cha ubavuni wanakigeuza hicho, kile cha paralaksi, cha kuilinganisha picha ya shabaha na msalaba kwa umbali wake. Yetu haikuwa nacho, ilikuwa imepangwa na kiwanda kwa umbali wa kama mita 90 na ushee, kwa hiyo ya karibu niivumilie.

Akafungua mkoba, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyeupe, akatia nukta moja ndogo kwenye pete na nyingine kwenye mwili wa darubini, zikitazamana. Nilipiga risasi 40 siku hiyo. Tano za mwisho zilikaa kama tano za kwanza. Nisidanganye: hazikuwa za bingwa, kikombe kilikuwa kile kile. Lakini sikurudi na kichwa kinachouma.

Jumamosi iliyofuata mdogo wangu alikuja. Sikumwambia kitu, nilikuwa bado natafuta namna ya kuomba radhi bila kusema nimekosa. Akalala nyuma ya bunduki, akachungulia. Akainua kichwa. Akatoa kitambaa, akafuta kioo, akachungulia tena, akafuta na upande wa mbele.

"Kaka," akasema taratibu, "hii darubini umeigonga wapi?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka, alikuwa na haki. Nikamwomba msamaha pale pale, mbele ya watu, nikamweleza habari ya pete, na kwamba dawa nyingine ni yeye kuvaa miwani yake, kisha nukta yangu itatutosha wote. Akaitazama ile begi, akaitazama pete.

"Sivai," akasema.

Basi akatoa magazini, akafungua bolti, akaanza kufumba na kufumbua mbele ya ubao mweupe. Jicho lake lilikaa karibu theluthi ya mzunguko kutoka kwenye langu. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono mgongoni. Hakusema neno. Aliingiza mkono kwenye mkoba akatoa kichupa kingine, chekundu.