Jiwe Chini ya Kichwa cha Yakobo

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Jumapili iliyopita nilimkuta binti wa chuo amesimama nje ya kigango chetu hapa Bagamoyo, chini ya mwarobaini, rozari mkononi. Misa ikaanza, hakuingia. Ilipokwisha nikamfuata. Akaniamkia, akanyamaza, kisha akatazama miguu yake. Alivaa ndala za bluu, moja kamba yake imeshonwa kwa uzi mweusi.

"Mwalimu, kwenye foleni ya Komunyo watu wote wanainamisha vichwa. Wanachokiona ni miguu."

Akaendelea mwenyewe. Boom, yaani fedha za mkopo wa kujikimu chuoni, limechelewa, anakula mara moja kwa siku, lakini hilo analivumilia. Kinachomshinda ni usiku. Anaamka saa nane na kuanza kuhesabu: nani ana kompyuta, nani huletwa na baba yake kwa gari, nani hajui njaa. Kwao wanalima, na kijijini hakuwahi kujiona maskini. Alijiona maskini siku aliyofika bwenini.

Mwaka 2000 Nancy Adler na watafiti wenzake wa Marekani walichapisha utafiti juu ya wanawake wenye afya njema. Walionyeshwa picha ya ngazi yenye vidato 10, juu kabisa wenye fedha, elimu na kazi za heshima, chini waliokosa, na kila mmoja akaweka alama pale anapojiona yupo. Alama hiyo ilihusiana na hali ya nafsi zao, hata na muda wanaochukua kupata usingizi, kwa nguvu kuliko kipato au elimu waliyokuwa nayo kweli. Ulikuwa utafiti wa awali, na asiyelala naye huweza kujiona duni kwa sababu ya uchovu. Hata hivyo, niliposikia habari ya ngazi ile nilimkumbuka Yakobo.

Fungueni Mwanzo 28. Kijana amemkimbia kaka yake, jua limemchwea njiani, hana hata mto, kichwa chake kiko juu ya jiwe. Ngazi anaiona, inafika mbinguni, malaika wanapanda na kushuka. Mungu hamwambii apande hata kidato kimoja. Anasema naye palepale alipolala, chini, kwamba yu pamoja naye kila aendako.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walipoanza misheni hapa mwaka 1868, walianza na watu waliokombolewa utumwani, watu ambao sokoni walikwisha kupangiwa bei. Na sisi, wajukuu wa imani ile, kila Jumapili tunasoma michango kwa majina: fulani laki moja, fulani elfu mbili, makofi yakipungua kadiri tunavyoshuka. Msomaji wa orodha hiyo ni mimi. Nimeisoma miaka mingi, na sikuwahi kumfikiria anayeisikiliza kutoka mlangoni.

Wazazi na walezi, kijana akikosa usingizi wiki kwa wiki, akijitenga, akiacha kula hata chakula kikiwepo, msimwambie asali tu. Salini naye, kisha mmsindikize kwa daktari. Akisema amechoka kuishi, msingoje hata kesho.

Binti yule nimemwomba aje tena. Orodha ya Jumapili hii nimekwisha kuiandika upya: ina jumla tu, haina jina la mtu.